Shangazi Hazimwi Ghafla

"Unaenda wapi na mimi bado naongea?"

Mchumba wangu alikuwa ameshafungua mlango. Mguu mmoja nje, ufunguo mkononi, na injini inanguruma vilevile kana kwamba ufunguo bado uko mahali pake.

"Naingia ndani. Nina kiu."

"Na gari?"

"Nimefunga taima. Litajizima lenyewe likishapoa."

Akafunga mlango taratibu, maana mlango wa gari lile haupigwi, akaingia ndani. Mimi nikabaki kwenye kiti nilichokishona mwenyewe, mkono mmoja una bendeji, nusu ya sentensi imenibakia mdomoni. Gari halina dereva na linanguruma tu. Baada ya muda likajizima. Nikakaa kwenye ule ukimya nikajiona mjinga kweli, na hapo ndipo nilipojua kwamba kuna kitu.

Mtu baki hawezi kuelewa kwa nini taima, kidude kidogo kuliko kiberiti, kilinitoa machozi. Ngoja nieleze.

Lile gari tunaliita Shangazi. Ni gari la mbio la Kijapani, la zamani, milango miwili, taa za mbele zinainuka ukiziwasha kama mtu anayefumbua macho. Jina alipewa na majirani, kwa sababu ni mtu mzima, ana makelele, na usipomheshimu hakufanyii kazi. Nilimpata akiwa gofu, kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma. Mimi ni fundi wa kushona viti vya magari. Kwenye gereji zote za mtaani wananiita Sindano, kwa ajili ya kazi yangu na, wanavyodai wao, kwa ajili ya ulimi wangu. Viti nilijua nitaviweza. Injini nikampelekea fundi mmoja mpole ambaye wenzake wanamwita Kimya. Ilituchukua miaka kumfufua Shangazi, na mahali fulani kati ya gasketi na zulia la sakafuni, tukapendana.

Sasa, Shangazi ana tabo. Tabo ni kile kidude chenye umbo la konokono kinachozungushwa na moshi wa injini ili kisukume hewa ndani, gari lipate nguvu. Kinazunguka kwa kasi ya ajabu na kinakuwa chekundu kwa joto. Kinachokiokoa ni oili inayopita ndani yake. Ukitoka mbio ukazima injini papo hapo, oili inasimama, inaungua humohumo, na tabo inakufa. Kwa hiyo Shangazi hazimwi ghafla. Ukifika unamwacha angurume taratibu mpaka apoe, ndipo unazima.

Na watu wawili wakisubiri gari lipoe watafanya nini? Wataongea. Tulianza kwa utani, ikaja kuwa sheria: kinachosemwa Shangazi akiwa anapoa ni kweli tupu, na hakuna kukasirika mpaka mmeshuka. Humo ndimo Kimya alimoniambia anaogopa kuwa kama baba yake. Humo ndimo nilimomwambia kwamba chai yake ni maji ya kuoshea vikombe. Humo ndimo alimoniuliza kama nitaridhia wazee wake waje kwetu. Mtu ambaye nje hata salamu anaipima, ndani ya gari lile alikuwa anamwaga moyo wote.

Halafu leo, harusi iko mlangoni, kafunga taima.

Nikampelekea dada yangu kesi hiyo. Dada ni msusi, na msusi husikia habari za ndoa za watu kuanzia asubuhi mpaka jioni, kwa hiyo haamini mwanaume yeyote mwenye pumzi. Alinisikiliza huku akimsuka mteja, akaniuliza maswali kama mpelelezi. Anapokea simu nje? Anapokea nje. Anapotea mchana? Siku hizi anapotea. Anakutazama machoni? Ananitazama mkono.

"Mkono?"

"Huu wenye bendeji. Akinitazama, anatazama mkono, halafu anaangalia pembeni."

Mkono ulikuwa na habari yake. Majuma machache nyuma sindano ya cherehani kubwa, ile ya kushonea ngozi, ilinipita kiganjani. Nikaona damu, nikaanguka. Nilipozinduka nilikuwa hospitalini, na Kimya amenishika mguu, kwa sababu mikono yote ilikuwa kwa daktari. Tangu siku hiyo sikuendesha tena, maana mkono wa gia ndio ulioumia. Shangazi akawa anaendeshwa na Kimya peke yake. Niliona kwamba hana ule mluzi wake tabo ikishika, na anapanda vilima akihema. Kimya akaniambia amempunguza nguvu kidogo, asije akatuletea makuu kabla ya harusi. Nikaamini. Fundi wako wa injini akikwambia jambo la injini, unaamini.

"Mdogo wangu," dada akasema, "hapo kuna mtu."

"Huna ushahidi."

"Ushahidi utakuja wenyewe. Hauna adabu, huwa haubishi hodi."

Ulikuja jioni ileile. Kimya alikuwa anaoga, simu yake iko juu ya meza karibu na sahani yangu, ikawaka. Sikuishika. Macho tu ndiyo yalikwenda yenyewe. Aliyetuma ameandikwa "M.V."

"Mzigo umefika. Njoo peke yako kama tulivyokubaliana. Huyo wako asijue kwanza."

Nikasoma mpaka kioo kikajizima. Nikaendelea kula, na chakula nilikuwa nakitafuna kama karatasi. Kimya alipotoka bafuni akaisoma ile simu akiwa amesimama, akaiweka mfukoni, akaniuliza kama mkono unauma. Nikasema hauumi. Alipoondoka kwenda kwake nikampigia dada.

"Mzigo?" dada akasema. "Mzigo unaweza kuwa chochote. Unaweza kuwa hata mtoto."

"Mtoto anatumwaje kama gunia?"

"Mimi sijui wenzetu wanavyofanya siku hizi. Mwulize."

"Nitamwuliza. Lakini si kwenye simu wala sebuleni. Nje ya gari yule mtu haongei, utamkamua kama jiwe."

Kulia nililia, siwezi kukataa. Nililia kwa hasira na kwa uoga, kwa sababu nampenda yule mtu, na nguo ya harusi nilikuwa naishona mwenyewe kwa mkono mmoja, polepole, kila siku kipande. Nilipomaliza kulia nikafanya ninachokijua. Anayeshona viti na kutandika mazulia ya magari anajua kila waya unaopita chini ya dashibodi. Kesho yake Kimya alipoliacha gari kwangu, nikainama chini ya usukani, nikaitafuta ile taima, nikaichomoa, nikarudisha waya zake zilivyokuwa mwanzo. Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Bila taima, Kimya atalazimika kukaa kwenye kiti na kusubiri, kwa sababu Kimya angeweza kusahau jina lake lakini hangemzima Shangazi akiwa wa moto. Akikaa, sheria inaanza. Sheria ikianza, atasema.

Siku iliyofuata nikamwomba anipeleke kilimani kwa muuza vitambaa. Tukaenda, tukarudi, Shangazi akihema njia nzima. Tulipofika mbele ya nyumba, Kimya akaweka gia huru, akavuta breki ya mkono, akapeleka mkono kwenye ufunguo.

"Usiutoe," nikasema.

Nikafungua kiganja changu kizima, nikamwonyesha ile taima.

Aliitazama. Injini inanguruma, joto linapanda kutoka kwenye boneti, harufu ya oili ya moto imejaa. Nikamwambia sheria ni ileile na wote tunaijua. Tunasubiri Shangazi apoe, na yeye ananiambia M.V. ni nani. Sitakasirika mpaka nishuke.

Kimya akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu niumie. Halafu akageuza ufunguo.

Injini ikafa.

Nilihisi kama mtu amenizaba kofi. Tangu nimfahamu, hata mvua inyeshe, hata tuwe tumechelewa msibani, mwanaume yule hajawahi kufanya hivyo.

"Umemzima," nikasema.

"Nimemzima."

"Akiwa wa moto."

"Hana cha kuungua tena. Tabo imekufa. Ilikufa zamani. Ningeweza kukaa hapa nikajifanya nasubiri ipoe, lakini nimechoka kuigiza."

Jamani, mimi nilikuwa nimejiandaa kusikia jina la mwanamke. Nilikuwa na majibu tayari, makali, niliyoyanoa tangu asubuhi. Sikuwa na jibu la tabo.

"Na M.V.?"

"Mama Vipuri. Yule wa pale kwenye makontena. Nilimwomba anitafutie tabo ya aina ileile, na akaipata."

Mama Vipuri ninamjua. Ana wajukuu, ana kiuno kibovu, na anauza vipuri vilivyotumika huku ameketi kwenye kiti cha lori nilichomshonea mimi. Nikaanza kucheka. Nikacheka mpaka nikajishika mbavu. Mwili wote ulilegea kama mtu aliyetua ndoo kichwani. Kimya hakucheka.

"Ilikufa lini?" nikauliza nilipopata pumzi.

"Siku ya mkono wako."

Akanisimulia, macho yake kwenye usukani. Wenzangu walimpigia simu, wakamwambia Sindano kaanguka, damu zimetapakaa, wanamkimbiza hospitali. Hawakumwambia ni mkono. Yeye aliposikia damu akafikiri nimekufa. Akamchukua Shangazi, akapanda kile kilima amemkanyagia mafuta mpaka mwisho, mluzi wa tabo unalia njia nzima. Akafika kwenye geti la hospitali, akazima, akaruka.

"Nilikumbuka nikiwa kwenye ngazi," akasema. "Nilikumbuka kabisa. Nikajiambia nirudi nikamwashe, angurume kidogo. Miguu ikakataa. Kesho yake nilipoangalia, ilikuwa imekwama. Haizunguki."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Wewe unajua kwa nini."

"Sijui."

"Yule wa kwanza."

Kabla mimi na Kimya hatujapendana, Shangazi alipoanza tu kutembea, nilikuwa na mchumba mwingine. Nilimwazima Shangazi wikiendi moja, akaenda kujionyesha kwa rafiki zake, akamkimbiza, akamzima kwa mbwembwe, akaiua tabo ya kwanza. Hii iliyokufa sasa ilikuwa ya pili, na niliitafuta mpaka nikachakaa.

"Kila tukikaa na watu unasimulia," Kimya akaendelea. "Unasema, aliniulia tabo nikamwacha. Watu wanacheka. Na mimi nacheka, nikiwa pembeni yako. Sasa ningekuja kukwambia nini?"

"Hiyo ni hadithi ya kuchekeshea watu. Nimeikata."

"Umeikataje?"

"Yule hakusema. Nilipomwuliza aliniapia kwamba nilimpa gari likiwa bovu. Akaenda mpaka kwa baba yangu, akaapa mbele yake, na baba akanigeuzia macho mimi, akaniuliza kwa nini namsingizia mtoto wa watu. Sikumwacha kwa sababu ya tabo. Nilimwacha kwa sababu ya uongo."

Maneno yalinitoka kabla sijafikiri yanaelekea wapi. Kimya alifika kabla yangu.

"Basi na mimi nimefanya hivyohivyo."

"Ulinitazama ukaniambia umempunguza nguvu."

"Nilisema hivyo."

"Ukafunga na taima juu yake."

"Taima nilifunga ili nisikudanganye humu ndani. Nje niliweza. Humu nisingeweza, ningesema, na nilikuwa naogopa kusema."

Nikamtazama. Sehemu moja yangu ilikuwa bado inacheka kwa furaha kwamba hakuna mwanamke. Sehemu nyingine ilikuwa imesimama tena mbele ya baba, inaulizwa kwa nini inasingizia watu. Nikafungua mlango nikashuka. Sheria inasema hakuna kukasirika mpaka mmeshuka, na mimi nilikuwa nimeshashuka. Nikaingia ndani nikafunga.

Hakunifuata. Alikaa kwenye gari mpaka jua likazama, halafu nikasikia hatua zake zinaondoka. Ujumbe ukaingia.

"Ufunguo nimeuacha kwa jirani. Tabo itakapofungwa gari litakuwa sawa, si lazima nifunge mimi. Nitamwambia mama asimamishe mipango. Sikulaumu hata kidogo."

Nilimpigia dada nikamweleza yote, nikidhani angalau yeye atasema nilikwambia.

"Yaani amekufa kwa wasiwasi kwa sababu ya kichuma?"

"Kwa sababu yangu, dada."

"Na wewe unataka nini?"

Nikamwambia nataka mtu atakayenieleza jambo baya siku linapotokea, si siku nitakapomchomolea waya. Dada akasema hilo ni ombi la haki kabisa, na kwamba yeye ameolewa muda mrefu na bado analisubiri. Halafu akaniambia niende kwa huyo mama wa makontena nikasikie na upande wake, maana mtu aliyekudanganya humjui mpaka ujue alidanganya akielekea wapi.

Asubuhi nikaenda kwa miguu. Mama Vipuri alikuwa kwenye kiti chake cha lori, anasugua kitu kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Aliponiona aliacha kusugua.

"Amekwambia?"

"Shikamoo, mama. Ameniambia."

"Marahaba. Afadhali. Nilikuwa nimechoka kumficha, mimi siri zinanipandisha presha. Kaa."

Nikakaa juu ya boksi la gia. Akanisimulia bila kuombwa. Kimya alianza kuja pale tangu kesho yake ya mimi kuumia. Alikuwa akija mchana, akisaidia kupanga vipuri, akiuliza kama imepatikana. Kulikuwa na tabo nyingine, ya bandia, inafanana na ya kweli kwa kila kitu mpaka namba. Mama Vipuri alimwambia achukue ile, aifunge, arudi kwake akalale. Mimi ni fundi wa viti, nisingejua mpaka naingia kaburini.

"Akakataa," Mama Vipuri akasema. "Alisema akifunga hiyo itabidi adanganye maisha yake yote. Alitaka ya kweli, na akishaipata aje akwambie, muifunge pamoja. Nikamwuliza, sasa kwa nini usimwambie leo? Unajua alinijibu nini?"

"Alisema ataachwa kama yule wa kwanza."

"Hilo nalo alilisema. Lakini la kwanza alisema, mkono wake bado haujapona. Nikimwambia leo atajua tabo imekufa kwa sababu yake. Atalala anajilaumu, na kidonda juu."

Nikatazama bendeji yangu. Ndiyo maana alikuwa ananitazama mkono.

"Amekosea," nikasema. "Ningejilaumu kidogo, ningelia, yangeisha."

"Amekosea sana," Mama Vipuri akakubali. "Mimi mwenyewe nilimwambia ni mjinga. Lakini mwanangu, wajinga nimewaona wa aina nyingi, na wengi wao wangeichukua ile ya bandia."

Akanipa kile alichokuwa anakisugua. Nikakipokea kwa mikono miwili. Nilipeleka kidole ndani ya yule konokono, nikagusa feni yake, ikazunguka yenyewe kwa wepesi mpaka nikasisimka. Nikakifunga kwenye kanga yangu, nikakipakata kifuani, nikarudi nacho nyumbani. Watu njiani walinipisha wakidhani nimebeba kichanga. Dada angekufa kwa kucheka.

Nikamwandikia Kimya maneno machache: "Njoo na spana zako."

Alikuja upesi, amevaa ovaroli la kazi, uso umevimba wa mtu asiyelala. Akanisalimia kwa adabu kama mteja. Nikaona kwamba amekuja kumaliza kazi na kurudisha gari la watu, basi. Nikamwacha aamini hivyo kidogo, Mungu anisamehe, kwa sababu na mimi nilikuwa bado natafuta neno la kuanzia.

Tukampandisha Shangazi kwenye jeki, tukaweka vigingi, nikaimwaga oili ya zamani mimi mwenyewe kwenye karai. Kimya akafungua tabo iliyokufa. Akaiweka sakafuni kati yetu. Nikaigusa feni yake, ngumu, haisogei hata ukisukuma kwa bisibisi. Nikafikiria jinsi mtu alivyokimbia ngazi za hospitali akijua kabisa anachokiua nyuma yake.

"Nikuulize," nikasema.

"Uliza."

"Siku ile jioni, nimelala hospitalini, tuseme ulijua tayari tabo imekufa. Ningekuuliza, ungesema?"

"Ungeniuliza, ningesema."

"Basi tatizo ni kwamba unasubiri uulizwe."

Alifikiri. Yule ni mtu anayefikiri kweli, unaweza kumwona.

"Ndiyo," akasema. "Hilo ndilo tatizo."

"Mimi sitaki kuwa polisi wa mume wangu. Jambo likiharibika unaniambia siku hiyohiyo. Hata kama mkono unauma. Hata kama nimelazwa. Nitapiga kelele, unanijua, halafu nitanyamaza. Lakini kelele zangu ni zangu, usinichagulie lini nizipige."

"Siku hiyohiyo," akasema.

"Na ile hadithi ya yule wa kwanza sitaisimulia tena. Ilikuwa inachekesha watu na kukutisha wewe, na mimi nilikuwa sioni."

Akaitikia kwa kichwa. Lakini niliona bado hajaelewa. Alikuwa amesikia neno mume wangu likampita kama upepo. Alidhani nazungumzia mume wa baadaye, yeyote yule. Akachukua tabo mpya, akaingia chini ya gari kwa mgongo, miguu tu ikabaki nje. Nikawa nampitishia nati na gasketi kwa mkono wangu mzima. Kazi ikaenda. Nilisikia spana inakaza, inapumzika, inakaza.

Simu yangu ikaita. Mama mkwe. Mikono yangu ilikuwa na mafuta, nikabonyeza kwa kiwiko, nikaiweka kwenye spika juu ya boneti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nisamehe nakusumbua. Mwenzio ameniambia niwatangazie watu kwamba harusi hakuna. Nimemwuliza sababu, anasema yeye ndiye mwenye makosa, basi. Unamjua alivyo, ukimaliza hapo hupati neno jingine. Nimeshindwa kuwaambia watu. Nimekaa na simu tangu jana, hata kula sijala. Nikasema nikuulize wewe. Ni kweli?"

Chini ya gari spana ilinyamaza.

"Si kweli, mama," nikasema. "Harusi ipo. Tarehe ni ileile. Nenda ukale."

Kwenye simu nikasikia mtu anavuta pumzi ndefu, halafu anaita mtu wa jikoni amletee chakula. Akaniuliza mwanawe yuko wapi. Nikamwambia yupo hapa, anafunga tabo, atampigia mwenyewe. Akanibariki, akabariki na mkono wangu, akakata.

Nikasubiri miguu isogee. Haikusogea. Spana iliangukia sakafuni na hakuna aliyeiokota.

"Kimya."

"Naam."

"Mbona hutoki?"

"Natoka. Oili imeniingia machoni."

Nilitazama karai lenye oili ya zamani, liko mlangoni nilikolisogeza mwenyewe. Nikatazama dumu la oili mpya, liko karibu na mguu wangu, mfuniko wake bado umefungwa.

"Oili ipi?" nikauliza. "Si bado hatujaiweka."

Nilisikia tu anavuta kamasi, halafu nikasikia kicheko kidogo kinachotoka kwa shida. Nikavua kanga nikaitandika kwenye sakafu, nikalala chali, nikajisukuma chini ya Shangazi mpaka bega langu likagusana na lake.

"Sogea," nikamwambia. "Nishikie taa, hizo nati mbili za mwisho nakaza mimi."